Deni litaandikwa kwa jina la nani? Jibu kwa msomaji wa Kisumu anayetakiwa kuuza karakana ya kusubu chuma

Swali: Babangu alianzisha karakana ya kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, hapa Kisumu. Tunatengeneza bloki za breki za mabehewa ya reli ya zamani, vipuri vya mashine za viwanda vya sukari, na vipande vichache vya kiwanda cha nondo. Sasa kampuni ya uwekezaji kutoka Nairobi, inayowakilisha wenye fedha wa nje, inataka kununua asilimia 70. Kaka zangu wanataka tuuze. Mzee anauliza mafundi watakuwaje. Mimi ndiye ninayeshika vitabu vya hesabu, na sielewi jambo moja: watu wenye mabilioni wanatafuta nini kwenye karakana yenye moshi, na biashara zilizonunuliwa hivi huishia wapi?

Jibu: Dada, wanachotafuta ni oda zinazojirudia. Bloki ya breki ya chuma cha kusubu imeundwa ili iliwe. Kila mara dereva anapofunga breki kwenye miteremko ya kushuka kuelekea ziwani, bloki hujisugua kwenye gurudumu na kupungua, kwa sababu ni afadhali iliwe yenyewe kuliko gurudumu. Shirika la reli linaweza kukaa miaka mingi bila kununua behewa jipya, lakini haliwezi kuendesha behewa lililo nalo bila breki. Ndivyo ilivyo pia katika utengenezaji wa chuma chenyewe. Matofali yanayokinga kuta za tanuru huliwa na joto na lazima yapangwe upya, na roli za kuvutia nondo huchakaa. Mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kinapoyeyushwa, nayo hayana budi kuondolewa kila siku, soko liwe zuri au baya. Mwenye kiwanda huuza bidhaa ambayo bei yake hupanda na kushuka vibaya sana, ilhali anayemuuzia vipuri na huduma hupata kipato kilichotulia kidogo. Mwekezaji anakitaka kipato hicho, kwa kuwa juu ya kipato kilichotulia ndipo anapoweza kukopa.

Kuna sababu ya pili ambayo huenda wageni wenu hawakuitamka mezani. Wauzaji wa vipuri vya reli na vya viwanda vya chuma, kote duniani, mara nyingi ni kampuni za kifamilia ambazo mwanzilishi wake amezeeka na watoto wake hawajakubaliana nani ashike usukani. Kampuni ya aina hiyo hununulika kwa bei ya chini, na ukizikusanya tano au sita chini ya paa moja, unaweza kuuza mkusanyiko huo kwa bei ya juu zaidi kuliko jumla ya sehemu zake. Kwa hiyo wanapouliza kwa upole kuhusu afya ya mzee na mipango ya ndugu zako, wafahamu kwamba hiyo nayo ni sehemu ya hesabu.

Usidhani kwamba haya yameanzia kwenu. Mwaka 2013 familia ya Pritzker ya Marekani, kupitia kampuni yake ya uwekezaji, ilinunua TMS International, ambayo kazi yake ni kuhudumia viwanda vya chuma kwa kuondoa mavi ya chuma na kushughulikia vyuma chakavu. Mwaka 2023 kampuni ya uwekezaji ya Platinum Equity ilinunua Calderys ya Ufaransa na HarbisonWalker ya Marekani, zote mbili watengenezaji wa matofali na vifaa vya kukinga tanuru, na kuziunganisha kuwa kampuni moja. Hata mataruma ya mbao yanayobeba reli yamo katika mnyororo huu. Dawa ya kreosoti inayoyazuia yasioze hutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na lami hiyo hupatikana makaa yanapochomwa kuwa koki kwa ajili ya tanuru za chuma. Koppers, kampuni kubwa katika kazi hiyo, nayo ilipitia mikononi mwa wawekezaji wa namna hii kabla ya kuingia kwenye soko la hisa mwaka 2006.

Mfano unaowatia wawekezaji hamu kuliko yote ni wa Progress Rail, kampuni ya Marekani ya kukarabati mabehewa, vichwa vya treni na vipuri vya reli. Mwaka 2005 kampuni ya uwekezaji ya One Equity Partners iliinunua kwa dola milioni 405. Mwaka uliofuata Caterpillar, mtengenezaji wa mitambo mizito, ikainunua kwa takriban dola bilioni 1, deni likiwemo. Anayekuja kwenu ameusoma mfano huo au mwingine unaofanana nao, na katika jedwali lake la kompyuta tayari kuna safu inayoonyesha mwaka ambao ataiuza karakana yenu kwa mtu mwingine. Kwa kawaida huwa ni kati ya mwaka wa tatu na wa saba. Hakuna hila katika jambo hilo, kwa sababu hazina ya uwekezaji ina muda wake maalumu na lazima iwarudishie wenye fedha fedha zao. Ila mzee anapaswa kujua kwamba hapati mshirika wa kudumu.

Sasa nije kwenye deni. Kampuni ya uwekezaji mara nyingi hailipi bei yote kwa fedha zake. Hutoa sehemu, na sehemu nyingine hukopa, na mkopo huo huandikwa kwa jina la kampuni inayonunuliwa. Ni sawa na mtu kununua ng'ombe wako kwa mkopo, kisha mkopo ukalipwa kwa maziwa ya ng'ombe huyohuyo: maziwa yakitosha, mnunuzi ametajirika kwa jasho dogo, yakipungua, anayenyimwa majani ni ng'ombe.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, si ya kwenu. Karakana inabakiza shilingi milioni 20 kwa mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mashine. Mnunuzi anaithamini mara tano ya hapo, yaani milioni 100, akatoa milioni 40 zake na kukopa milioni 60 kwa jina la karakana. Kwa riba ya asilimia 16, mwaka wa kwanza riba pekee ni milioni 9.6. Iwapo mkopo ni wa miaka mitano kwa mafungu sawa, kila mwaka mnarudisha milioni 12 za mtaji. Jumla ya mwaka wa kwanza ni milioni 21.6, ilhali mnabakiza 20. Kabla hamjanunua mashine moja mpya wala kulipa kodi ya serikali, tayari mna upungufu wa milioni 1.6. Na hesabu hiyo inachukulia kwamba wateja wanalipa kwa wakati. Wewe unayeshika vitabu unajua ankara za mashirika ya umma na za viwanda vya sukari hukaa siku ngapi. Karakana isiyo na deni inaweza kumvumilia mteja anayechelewa kwa kupunguza zamu na kuwaomba mafundi subira. Benki haina subira ya namna hiyo.

Ndiyo maana, ukiniuliza biashara hizi huishia wapi, nitakujibu kwamba hutegemea zaidi mahali deni lilipokaa kuliko jina la mnunuzi. Tazama GrafTech, mtengenezaji wa elektrodi za grafiti, zile nguzo nyeusi zinazopitisha umeme wa kuyeyusha vyuma chakavu katika tanuru za umeme. Kampuni ya uwekezaji ya Brookfield iliinunua mwaka 2015, wakati bei ya elektrodi ilikuwa imeanguka. Mwaka 2017 bei ikaruka mara kadhaa, China ilipokuwa ikibana viwanda vinavyochafua hewa. Mapema mwaka 2018 GrafTech ilichukua mkopo wa dola bilioni 1.5, na zaidi ya bilioni 1 kati ya hizo zikamwendea mwenye kampuni kama gawio, kisha hisa zikauzwa kwa umma mwezi Aprili kwa dola 15 kila moja. Bei ya elektrodi iliporudi chini miaka ya baadaye, hisa zikashuka mbali chini ya hapo, na deni likabaki na kampuni. Mkopo uliochukuliwa wakati wa neema ulilipiwa wakati wa dhiki, na waliolipa si wale waliogawana.

Mfano wa pili unagusa reli moja kwa moja. Mwaka 2016 kampuni ya uwekezaji ya Greybull Capital ilinunua kwa pauni 1 kitengo cha kampuni ya chuma ya Tata ya India kilichokuwa na kiwanda cha Scunthorpe, Uingereza, kinachotengeneza sehemu kubwa kabisa ya reli za treni za nchi hiyo, na kukipa jina la zamani la British Steel. Wafanyakazi walikubali kupunguziwa mshahara na mafao ili kazi iendelee. Mwezi Mei 2019 kampuni ilifilisika, ikiwa na wafanyakazi wapatao 5,000. Mwaka 2020 ilinunuliwa na Jingye ya China, na mwezi Aprili 2025 Bunge la Uingereza liliitishwa siku ya Jumamosi kupitisha sheria ya kuiwezesha serikali kushika uendeshaji wa kiwanda ili tanuru zisizimike. Kiwanda cha namna hiyo kinapofilisika, wakopeshaji wenye dhamana hulipwa kwanza, na karakana ndogo zilizoleta vipuri kwa mkopo wa siku 60 husubiri mwisho wa foleni. Kwa hiyo hata msipouza, inawapasa kujua ni nani anayewamiliki wateja wenu na wana madeni kiasi gani.

Hata hivyo nisiwapake wawekezaji rangi moja. Electro-Motive Diesel, mtengenezaji mashuhuri wa vichwa vya treni, iliuzwa na General Motors mwaka 2005 kwa Greenbriar na Berkshire Partners, kampuni mbili za uwekezaji. Waliishika miaka mitano, kisha mwaka 2010 ikanunuliwa na Caterpillar, kupitia Progress Rail, kwa dola milioni 820. Aliyewafungia wafanyakazi malango ya kiwanda cha Electro-Motive kilichoko London, Ontario, nchini Kanada, Januari 2012, baada ya kuwataka wakubali mishahara ya takriban nusu, na kukifunga kabisa mwezi uliofuata, hakuwa mwekezaji wa fedha. Alikuwa Caterpillar, mwenye viwanda. Mara nyingi tunaogopa mtu wa suti na kumwamini mtu wa ovaroli, na mambo hayaendi hivyo kila mara.

Kwetu hapa somo linajulikana, ingawa watu hulikumbuka kama hadithi ya treni zilizoharibika tu. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikabidhiwa Rift Valley Railways kuanzia Novemba 2006, kwa mkataba wa miaka 25 uliojumuisha Kenya na Uganda. Kwanza iliongozwa na Sheltam ya Afrika Kusini, halafu udhibiti ukahamia Citadel Capital ya Misri, ambayo ni kampuni ya uwekezaji, huku TransCentury ya Nairobi ikiwa na hisa zake hadi ilipoziuza mwaka 2014. Walileta vichwa vya treni 20 vya General Electric vilivyokarabatiwa Marekani, na hilo halikuwa jambo dogo kwa njia iliyochoka kiasi kile. Lakini mwaka 2017 serikali ya Kenya ilivunja mkataba kwa hoja kwamba malengo na malipo hayakutimizwa, na Shirika la Reli likairudisha njia mikononi mwake. Kwa maoni yangu kosa lilianza mapema zaidi: njia iliyohitaji mtaji wa miongo ilikabidhiwa wenye hisa waliobadilika kila baada ya miaka michache, na kila aliyeingia alilazimika kwanza kusafisha meza ya aliyetoka. Mwulize mzee wako. Kama alikuwa anauza bloki wakati huo, anakumbuka vizuri kuliko mimi ni nani aliyekuwa akisaini oda na alibadilika mara ngapi.

Nirudi kwenye karakana yenu, maana kuna jambo ambalo ningelichunguza kabla ya kuzungumzia bei. Bloki zenu ni za mabehewa ya reli ya zamani ya mita moja. Njia ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilikarabatiwa, na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021, kwa hiyo kuna kazi. Lakini reli mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435 na mabehewa ya Kichina, ilifika eneo la Naivasha mwaka 2019, na mipango ya kuileta Kisumu na Malaba ipo. Siku itakapofika, bloki zenu hazitafaa bila kalibu mpya, vipimo vipya na idhini mpya. Mnunuzi makini anajua hivyo. Ikiwa bado anang'ang'ania, basi pengine hanunui breki. Huenda anataka wateja wenu wa sukari, hasa kwa kuwa mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vya Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Sony kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, na mwenye kiwanda binafsi hununua vipuri kwa haraka kuliko bodi ya umma. Huenda anataka uwezo wenu wa kukusanya vyuma chakavu, ambavyo tangu biashara yake ipigwe marufuku Januari 2022 na kuruhusiwa tena miezi michache baadaye kwa masharti makali, haviwezi kununuliwa na kila mtu bila leseni. Au anataka kiwanja. Mwombe aandike, kwa sentensi moja, mapato ya mwaka wa tano yatatoka kwa mteja gani. Jibu hilo litakuambia zaidi ya mawasilisho yote ya picha na michoro.

Angalia pia upande wa malighafi. Chuma chetu kingi huanzia kwenye vyuma chakavu au kwenye bileti (nguzo za chuma ghafi) na koili (chuma bapa kilichokunjwa) zilizoagizwa nje, na soko lake halijawa huru siku zote: Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei. Bei za malighafi zikipanda pamoja, karakana yenye deni haina pa kujikunyata.

Kuhusu masharti, mimi singeuza asilimia 70 kwa mara ya kwanza. Ningependa mkae na wingi wa hisa au walau mlango wa kura ya turufu juu ya mambo machache mazito: kukopa zaidi ya kiwango fulani, kuweka mali rehani, kutoa gawio kwa fedha za mkopo, kulipa ada za usimamizi kwa kampuni mama, na kuuza kiwanja. Fedha za mwekezaji ziingie kwenye karakana kama mtaji wa kununua tanuru na mashine, na mfukoni mwa ndugu iende sehemu ndogo tu. Kiwanja kitenganishwe na biashara kabla ya kusaini, kibaki na familia, na karakana ilipe kodi ya pango kwa mkataba ulioandikishwa. Ikiwa kiwanja chenyewe mmekikodi, kama zilivyo karakana nyingi zilizo kando ya reli, someni kwanza mkataba wa mwenye ardhi muone kama kubadilika kwa wenye hisa kunahitaji kibali chake.

Jambo moja wengi hulipita. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha dhamana juu ya mashine, bidhaa zilizo stoo na hata ankara ambazo hazijalipwa. Katika karakana kama yenu mali ya thamani kuliko zote ni zile kalibu za mbao zilizopangwa rafuni, zenye namba za vipuri zilizoandikwa kwa rangi, kwa sababu bila hizo hamwezi kusubu kipande kinachoingia mahali pake. Ziorodheshwe moja moja, na mkataba useme ni za nani endapo mkopo utashindikana. Pia kuna kifungu kinachomruhusu mwenye wingi wa hisa kuwalazimisha wengine wauze pamoja naye. Msikikubali bila bei ya chini kabisa iliyoandikwa kwa tarakimu. Na ndugu zako wanapokokotoa mgawo wao, wakumbuke kwamba kodi ya faida ya mtaji nchini ni asilimia 15 tangu Januari 2023, si 5 kama ilivyokuwa. Wakili wenu aulize pia mapema kama mauzo haya yanahitaji kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani.

Sasa swali la mzee. Kisheria, hisa zinapouzwa mwajiri habadiliki. Kampuni ni ileile, na mikataba ya mafundi, miaka yao ya kazi na likizo zao huendelea kama kawaida. Mambo hugeuka pale mnunuzi anapochukua mali za karakana na kuziingiza katika kampuni nyingine mpya. Hapo ajira ya zamani hufika mwisho, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, pamoja na malipo ya angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Kwa fundi aliyeanza na mzee zamani, hizo ni fedha za maana, na iwapo hazikutajwa katika bei, mnunuzi atadai ni deni la muuzaji. Ziandikwe.

Lakini sheria huweka kiwango cha chini tu. Yule fundi anayetazama rangi ya chuma kwenye kikombe cha kumiminia na kujua kwamba kimepoa kuliko inavyotakiwa, au anayevunja kipande cha majaribio na kusoma utando wa kijivu ndani yake kabla ya kukubali kumimina, hana mbadala wa haraka, na mwekezaji anayefahamu kazi hii atakuuliza jina lake katika kikao cha kwanza. Asipouliza, nitaanza kuwa na shaka naye. Pendekezeni kwamba sehemu ya hisa, tuseme asilimia 5, iwekwe kwa ajili ya mafundi wa namna hiyo, wapewe kidogo kidogo kadiri wanavyobaki, na muweke sharti hilo mezani kabla ya bei kutajwa, kwa maana baada ya bei kutajwa kila asilimia itaonekana imetolewa mfukoni mwa mtu.